Siku Jirani Alipoingia Bila Hodi

Rafiki yangu msomaji, nakuomba radhi kabla hujafika mbali. Mwandiko wangu una mlima na bonde, na baadhi ya herufi zangu hukaa pasipo pahali pake. Skuli niliishia darasa la nne, Unguja, na tulipofika huku Uarabuni hapakuwa na skuli ya mtoto wa kike. Naandika polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemtoa samaki miba. Mjukuu wangu alitaka kuninyooshea maneno, nikamkatalia. Nilimwambia, ukininyooshea itakuwa habari yako, si yangu.

Huyo mjukuu ndiye aliyenitia katika haya. Nakaa Hail, nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, na mjukuu ni wa mdogo wangu huyo. Alasiri, kahawa ikishanyweka, huja kunikalia ubavuni na kufungua televisheni. Anapenda tamthilia za Kijapani, na sasa nami nimezipenda kumshinda. Maneno hupita chini ya picha kwa Kiarabu, na kwa kuwa nasoma polepole, yeye husimamisha picha akaniuliza, "Bibi, umemaliza?" Nikiitikia kwa kichwa, tunaendelea. Basi mchezo wa nusu saa sisi hutuchukua mpaka Magharibi.

Huu tunaoutazama sasa ni wa mwanamke dereva wa basi aliyepanga chumba cha juu kwa bibi kizee mmoja. Si mtoto wake, si mkwe wake, hawana nasaba. Jioni wanakula pamoja kwenye meza fupi, wamekaa chini kama sisi tunavyokaa mkekani. Kizee anakata figili nyeupe, ndefu kama mkono wangu, na dereva anakunja nguo zilizokauka. Hawasemi sana. Sufuria inachemka, na aliyepiga picha anaiachia sufuria ichemke, hana haraka nayo.

Mkwe wetu, mke wa mtoto wa mdogo wangu, haziwezi tamthilia hizi. Akipita na sinia la vikombe hutucheka.

"Shangazi, mchezo gani huu? Toka juzi wanakata figili!"

"Kaa utazame."

"Nitazame nini? Mwanamme mwenyewe yuko wapi?"

Siku moja mwanamme alikuja. Mtu mzuri, mfanyakazi mwenzake dereva, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mkwe wetu akaweka sinia chini, akakaa. Yule bwana akamkabidhi dereva mwavuli, akainamisha kichwa, akaenda zake na mvua.

"Basi tu?" mkwe wetu akapiga kelele. "Kampa mwavuli kenda zake?"

"Basi tu, wallah," alisema mjukuu. "Ndiyo uzuri wake."

Nami nakubaliana naye. Nasema hivi si kwa kuidharau ndoa. Niliolewa, nikafurahi, nikafiwa, na namwombea mume wangu kila siku. Lakini katika umri wangu wote nimeona michezo na kusikia nyimbo ambazo ndani yake mtu hapati pa kukaa mpaka apendwe na mwanamme au apende mwanamke. Wajapani hawa wana subira ya kuonyesha jambo jengine. Wanaonyesha mtu akimpakulia mwenziwe wali, akimwekea kipande kilichonona, akimgombeza kwa kuchelewa, na hapo hapo unajua kwamba hawa ni watu wa nyumba moja. Hakuna aliyepiga magoti wala aliyelia dirishani.

Lililonishika zaidi ni dogo. Dereva akirudi kazini huvua viatu pale mlangoni akasema neno moja. Kizee, bila ya kutoka jikoni, humjibu neno jengine. Nilimwuliza mjukuu, wanasemaje?

"Huyu anasema, nimerudi. Yule anamjibu, umerudi, karibu. Kwao ndivyo, bibi, kila anayeingia kwake."

"Na zamani si alikuwa akiomba ruhusa?"

"Mwanzo ndiyo. Sasa anasema nimerudi."

Nikamwambia asimamishe picha. Akadhani sijamaliza kusoma. Kumbe nilikuwa nimekwisha kufika Matrah, ule mji wa bandari tuliofikia kwanza, na nna miaka kumi na kitu, na nasikia mtu akipiga hodi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Tulitoka Unguja mwaka sitini na nne, kwa meli, mimi na bibi yangu mzaa baba na mdogo wangu aliyekuwa mchanga bado. Mama alikuwa amefariki kwa uzazi wa mdogo wangu huyo. Baba alikuwa Kuweti kazini, tukimpata kwa salamu tu. Bibi alibeba nguo zetu, msahafu, na mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu miaka ya Unguja ilikuwa imemsahaulisha kwamba huko tuendako nazi ni adimu kama theluji. Mdogo wangu alilia toka bandarini. Bibi alimpa maji ya sukari kwa kitambaa, akatema. Watu wa sitahani walitusikitikia, kisha wakachoka kutusikitikia.

Karibu yetu alikuwa amekaa mwanamke peke yake, kajifunika buibui, mbele ya kifua pamelowa. Akasogea akamwambia bibi, "Nipe mtoto, bibi. Maziwa yananiuma."

Bibi alimtazama. "Wako yuko wapi?"

"Nimemzika. Yeye na baba yake."

Bibi hakuuliza la pili. Alimpa mtoto, na kwa mara ya kwanza toka tuondoke tukausikia upepo, maana kilio kilikuwa kimekatika. Baadaye bibi alimwuliza, wewe ni nani, mwanangu? Akajibu, "Jirani yenu tu." Alikusudia jirani wa sitahani. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye haya, nisiyethubutu kuuliza jina la mtu mzima, basi nikamwita Jirani, na mdogo wangu alipojua kusema akamwita hivyo hivyo, na jina likaganda.

Matrah tulipata kijumba cha udongo na makuti ya mtende, nyuma ya soko. Jirani hakuwa na wa kumpokea, akaja nasi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi alicheka akasema, "Sisi hatuna hata shamba la kumpa jembe. Tumpe sindano." Basi wakawa wanashona kofia. Jirani alishona duara la juu, bibi akashona ukuta wa kofia, na vikikutanishwa huwezi kujua mkono umebadilika wapi. Mimi nilifundishwa kutoboa vitundu. Walikaa wakielekeana, bibi juu ya ile mbuzi ya nazi kwa kuwa haikuwa na kazi nyengine, na asubuhi nzima hupita bila neno ila "nipitishie uzi" na "jua limefika, sogea." Wazungumzaji wengi nimesahau walichosema. Kimya cha wawili hawa nakikumbuka mpaka leo.

Harufu ya Matrah ya siku zile ilikuwa ya papa mkavu, kahawa na moshi wa mitende. Maji tulichota kisimani. Wali tuliula mweupe, na bibi akiuonja husema, "Umeiva, lakini hauna mama," yaani hauna tui. Jirani alijaribu kuupika kwa maziwa ya mbuzi. Bibi akala, akafuta vidole, akasema, "Huu una mama wa kambo." Tulicheka mpaka mdogo wangu naye akacheka, asijue tunacheka nini.

Lakini Jirani alikuwa na jambo moja. Kila akitoka na kurudi, hata kama alikwenda kumwaga maji tu, alisimama nje ya kizingiti akasema, "Hodi."

"Hodi ya nini?" bibi humjibu. "Kwani umekuja kuposa? Ingia!"

"Adabu haichoshi mdomo, bibi," husema Jirani, akaingia akicheka.

Mwaka ukapita, na mwengine, na mwengine. Alipika humo, aliuguza humo, alimtahirisha mtoto humo, na bado hodi. Mimi nilikuwa nikiisikia vibaya. Mtu anayepiga hodi ni mtu anayeweza kuambiwa siku moja kwamba wenyewe hawapo. Nilimpenda Jirani kuliko nilivyoweza kusema, na mimi kusema kwangu kulikuwa shida. Nilichoogopa ni siku atakayokwenda kisimani asirudi.

Siku hiyo ilikaribia kama mwaka sitini na nane, na aliyeileta alikuwa mtu mwema. Ami yangu, mtoto mkubwa wa bibi, hakukulia Unguja. Bibi alipohamia Unguja yeye alibaki Boshar, kijijini kwa babu zake, akiangalia mitende, ingawa Kiswahili alikijua kwa miaka aliyokaa kwetu ujanani. Alikuja kututazama na punda wake, kaleta tende, ndimu na mafungu ya figili, yale majani tuliyoyala na samaki. Hukohoa mlangoni kwanza, ili Jirani achukue kofia yake akae nyuma ya pazia. Mara ile alikunywa kahawa yake, akasema, "Mama, nnakuja kukuchukueni."

"Utuchukue wepi?" aliuliza bibi.

"Wewe na watoto. Chumba kishapigwa udongo na kimekauka. Mama yangu hawezi kukaa Matrah kama mtu asiyezaa."

"Na Jirani?"

Ami alishusha sauti, na kijumba kile hata ukishusha sauti husikika. "Huyo, Mungu amlipe. Lakini si wetu, mama. Watu wa Boshar wataniuliza, huyu ni nani, nami niwajibu nini? Nimemfikiria. Yuko mtu kafiwa na mkewe, ana mitende yake, mtu wa msikitini. Akubali, naye apate mlango wake."

Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu, nikashukuru kwamba ni vitunguu. Nyuma ya pazia nilikuwa naisikia sindano ikipita kitambaani, tsss, tsss. Ikakoma.

"Mwulize mwenyewe," alisema bibi. "Yupo hapo, na masikio anayo."

Ami akageukia pazia, akarudia maneno yake kwa heshima. Jirani alijibu toka nyuma ya pazia.

"Bwana, Mungu akuzidishie kwa kunifikiria. Mume nilikuwa naye, na mwema. Sitaki mwengine."

"Huyu si mtu mbaya."

"Sikusema mbaya. Yeye anatafuta mke. Mie sitafuti mume. Mie nna watu wangu." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuwa nikidhani nna watu wangu."

Bibi alimwita mdogo wangu, ambaye alikuwa uani akimchokoza kuku. Alimshika mabega, akamsimamisha mbele ya ami, miguu imejaa vumbi.

"Huyu kanyonya wapi?"

Ami aliitazama miguu ile.

"Kanyonya kwangu? Ziwa langu lilikauka kabla weye hujaota ndevu." Mdogo wangu akacheka. Bibi hakucheka. "Haya, nambie jengine. Siku ya Idi, unakwenda kwa nani kwanza?"

"Kwa mama wa kisimani," alisema ami taratibu. Huyo alikuwa bibi kizee wa Boshar, nyumba yake karibu na kisima.

"Unamfanya nini?"

"Nambusu kichwa."

"Kwani nani wako yule? Si jirani tu?"

"Mama yangu."

"Mie ndiye niliyekuzaa."

"Na yeye ndiye aliyeninyonyesha ulipokuwa na homa. Weye mwenyewe, mama, ndiye uliyenifundisha."

"Basi watu wa Boshar wakikuuliza huyu nani," alisema bibi, "jibu unalo. Ushalisema."

Sote tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba kunyonya hufunga kama nasaba inavyofunga. Ami alilijua hilo tangu utotoni, tena kwa mwili wake. Ila alikuwa amelijua upande wa mtoto tu, upande wa anayenyonya. Hakuwa amemfikiria mwanamke aliye upande wa pili, kwamba maziwa yale na yeye yalimpa watu.

Alikunywa kikombe kimoja tena, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akasimama. Mlangoni aligeuka, akasema kuelekea pazia, "Mama wa kijana, chumba chenyewe kidogo. Nitaongeza kingine."

Tulisikia tu sindano ikianza tena, tsss, tsss, kwa haraka kuliko mwanzo. Bibi akaokota figili moja akaipangusa vumbi. Akasema peke yake, "Nyumba njema si mlango."

Kesho yake Jirani alikwenda kisimani kufua. Bibi alikuwa jikoni juu ya mbuzi yake, anageuza samaki kwenye makaa. Mimi nilikuwa karibu na mlango nikichagua mchele, na masikio yangu yote yako nje. Nilisikia hatua zake, nazijua, ana hatua moja nzito na moja nyepesi kwa sababu ya beseni kichwani. Nikaiona miguu yake ikifika kizingitini, imelowa, na ikasimama pale pale inaposimama siku zote. Nikaona kinywa kinafunguka.

Bibi hakugeuza hata kichwa. "Umechelewa," alisema. "Samaki anaungua na mie mgongo unaniuma. Njoo umgeuze."

Jirani akafunga kinywa. Akainua mguu, akavuka, akapita mbele yangu na beseni lake linadondosha maji, akaenda moja kwa moja jikoni. Bibi akaondoka juu ya ile mbuzi akamwachia pake. Nilijifanya nachagua mchele, lakini sikuona tena lipi jiwe na ipi punje.

Toka siku ile sikumsikia tena kupiga hodi. Tulihamia Boshar baada ya mavuno ya tende. Ami alimjengea chumba kama alivyoahidi, na mlango wake wa pekee, na Jirani akakitumia kuanikia vitunguu. Kulala alilala nasi.

Sasa Boshar ile haipo. Pale palipokuwa na mitende pana majumba makubwa na duka la ghorofa lenye baridi kama la samaki. Kijumba chetu cha Matrah kimepitiwa na barabara. Huku Hail geti lina kengele yenye jicho, nami hubonyeza nikajitazama kwenye kioo mpaka nifunguliwe, na hata ndugu hupiga simu kwanza. Sisemi zamani kulikuwa bora. Maji ya kisimani yalikuwa na chumvi, na watoto walikufa kwa homa ndogo. Lakini naona tulikuwa na ufundi wa kumfanya mtu awe wetu, na sikuuona tena mpaka nilipokuja kuuona kwa Wajapani, ambao hawatujui wala hawakukusudia kunikumbusha.

Bibi alitangulia. Jirani alifuata miaka mingi baadaye, akiwa nyumbani kwa mdogo wangu. Makaburini iliulizwa, kama inavyoulizwa kwa kila mwanamke, nani mahram wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa, wa kumshusha kaburini? Mdogo wangu alikuwa ameshavua viatu. Alishuka yeye, akampokea, akamlaza, kwa haki ya yale maziwa ya sitahani.

Jana tulifika mwisho wa mchezo wetu. Hakuna aliyeolewa. Kizee aliugua, akapona, na dereva akapewa zamu ya asubuhi. Mkwe wetu, ambaye siku hizi hapiti na sinia bali hukaa kabisa, alifuta macho akasema ni vumbi. Picha ya mwisho ilikuwa jozi mbili za viatu mlangoni, kubwa na ndogo. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake na gazeti usoni. Mwenyewe husema hatazami. Nikawahadithia haya niliyokuhadithia wewe, hodi ya miaka yote ile na siku ilipokoma.

Mdogo wangu alishusha gazeti. "Alikuwa akipiga hodi?"

"Kila siku. Hukumbuki?"

Alifikiri sana, mzee huyu mwenye mvi, ambaye mimi bado namwona na vumbi miguuni.

"Mie namkumbuka akiingia tu," alisema.

Hapo mkono wangu umechoka, rafiki, na karatasi inakwisha. Nina ombi. Bila shaka kwenu pia alikuwapo mtu asiye wa damu wala wa ndoa, ambaye siku moja alivuka kizingiti na hakuna aliyemgeukia. Niandikie habari zake. Andika kwa mwandiko wowote, hata mbaya kuliko wangu. Mimi husoma polepole, lakini humaliza.